Sindano za kingamwili kwa pumu kali: mwongozo kamili kuanzia vipimo hadi kujidunga nyumbani

Kuna wagonjwa wa pumu ambao hufanya kila walichoambiwa. Huvuta dawa asubuhi na jioni, huepuka moshi na vumbi, huhudhuria kliniki bila kukosa, na bado usiku wa manane hujikuta wameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, wakiitafuta pumzi. Kila baada ya miezi michache hukimbizwa hospitali, hupewa nebulaiza na vidonge vya prednisoloni, hurudi nyumbani, kisha mambo yaleyale huanza upya. Kwa wengi wao vidonge hivyo huokoa maisha huku vikiacha madhara yake taratibu: mifupa hulegea, sukari hupanda, uso hujaa, mtoto wa jicho huja mapema. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wagonjwa hao, na kwa ndugu wanaowashika mkono. Unaeleza sindano za kingamwili hatua kwa hatua, na sehemu yake kubwa inahusu kazi inayofanywa kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu huko ndiko matibabu haya hufanikiwa au huharibika.

Dawa hizi ni nini hasa

Kingamwili ni protini ambazo mwili hujitengenezea ili kushika vijidudu na vitu vigeni. Wanasayansi wamejifunza kutengeneza kingamwili za aina moja tu, katika seli hai zinazokuzwa maabara, na kuzielekeza kwenye shabaha moja iliyomo ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Katika pumu, shabaha hizo ni zile protini zinazobeba ujumbe wa mzio na wa uvimbe hadi kwenye njia za hewa. Kwa kuwa dawa yenyewe ni protini, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama au maharage, na ndiyo sababu haitolewi kama kidonge.

Ya kwanza ilikuwa omalizumabu, inayouzwa kwa jina la Xolair, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Hii huishika IgE, protini ya mzio, kabla haijaziamsha seli zinazomwaga histamini. Baadaye zilikuja mepolizumabu (Nucala, 2015) na benralizumabu (Fasenra, 2017), ambazo zote mbili huwalenga eosinofili, seli nyeupe za damu zinazojaa katika njia za hewa za wagonjwa wengi wenye pumu kali. Mepolizumabu huikamata protini inayowalisha eosinofili hao, na benralizumabu hujishika kwenye eosinofili wenyewe na kusababisha wauawe. Dupilumabu (Dupixent), iliyoidhinishwa kwa pumu mwaka 2018, huziba kituo ambacho protini mbili za mzio hukitumia kupitisha ujumbe. Tezepelumabu (Tezspire), ya mwishoni mwa 2021, huingilia mapema zaidi, pale ambapo ngozi ya ndani ya njia za hewa inapotoa mlio wake wa kwanza wa hatari baada ya kuguswa na vumbi, moshi au virusi.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo: hakuna hata moja kati ya dawa hizi inayozima shambulio lililokwisha kuanza. Zinafanya kazi kwa wiki na miezi, kimyakimya. Siku kifua kinapobana, tegemeo lako ni inhela ya kufungua njia za hewa, na ikishindwa, ni hospitali.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni pumu, na kwamba ni kali kweli

Daktari bingwa wa kifua, kabla hajataja jina la sindano yoyote, atarudi nyuma na kuuliza maswali ambayo mgonjwa hudhani yalikwisha kujibiwa zamani. Asikuchoshe. Katika nchi zetu kuna watu wanaotibiwa pumu kwa miaka ilhali mapafu yao yaliachwa na makovu ya kifua kikuu, au moyo wao ndio uliochoka, au walipikia kuni katika jiko lisilo na dirisha maisha yao yote na sasa wana ugonjwa sugu wa mapafu. Sindano ya kingamwili ya pumu haiwezi kuyatengeneza makovu ya kifua kikuu. Kipimo cha spirometri, ambapo mgonjwa hupuliza kwa nguvu ndani ya mashine kabla na baada ya kuvuta salbutamoli (dawa ya kufungua njia za hewa), huonyesha kama njia za hewa zinaziba na kufunguka, na huko kufunguka ndiko alama ya pumu.

Kisha linakuja suala la inhela, na hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa wagonjwa wengi wanaodhaniwa kuwa na pumu kali wana pumu ya kawaida ambayo dawa yake haifiki mapafuni. Mwombe mgonjwa avute mbele yako. Wengine hubonyeza pampu huku wamekwisha kumaliza kuvuta hewa, wengine huvuta kwa pupa na dawa yote ikagonga koromeo, na wengine huvuta kutoka kwenye kopo lililokwisha wiki mbili zilizopita kwa sababu bado linatoa sauti. Kwa pampu ya kawaida, namna iliyo sahihi ni hii: tikisa kopo, toa pumzi yote taratibu, shika mdomo wa pampu kwa midomo bila kuacha mwanya, anza kuvuta polepole na ubonyeze papo hapo, endelea kuvuta hadi mapafu yajae, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10 hivi. Asiyeweza kulinganisha kubonyeza na kuvuta atumie chemba, yaani chombo cha plastiki kinachoishika dawa kabla haijavutwa, na kama hakuna chemba dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu hufanya kazi hiyo vizuri. Chombo hicho kilipimwa kwa watoto Afrika Kusini na kuonekana kinafaa.

Inhela yenyewe lazima iwe na steroidi ndani yake, yaani dawa inayotuliza uvimbe, ya jamii moja na prednisoloni. Mtu anayetumia salbutamoli peke yake, hata kopo moja kila wiki, hajatibiwa uvimbe wa njia za hewa, bali ameupaka rangi tu. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA umeacha kupendekeza salbutamoli peke yake kwa watu wazima na vijana, na badala yake unaelekeza kwenye inhela zinazounganisha steroidi na fomoteroli, dawa nyingine ya kufungua njia za hewa. Pumu huhesabiwa kuwa kali pale tu inapokaidi inhela ya namna hiyo kwa dozi kubwa, ikitumiwa ipasavyo, baada ya mambo mengine yanayoichochea kushughulikiwa: moshi wa jikoni na wa sigara, kiungulia, mafua ya mzio yasiyotibiwa, vinyama vya puani, mende chumbani, na dawa kama aspirini au propranololi ambazo kwa baadhi ya wagonjwa huziba kifua.

Hatua ya pili: vipimo vya damu, na hesabu ya minyoo

Sindano hizi huchaguliwa kwa kufuata alama zilizomo katika damu na katika pumzi ya mgonjwa. Kipimo kilicho rahisi kuliko vyote ni hesabu kamili ya damu yenye mgawanyo wa seli nyeupe, ambayo hufanywa karibu kila hospitali ya wilaya. Kwa mgonjwa aliye kwenye steroidi za dozi kubwa, eosinofili 150 au zaidi katika mikrolita moja ya damu ni dalili kwamba uvimbe wake ni wa aina ambayo dawa hizi zinaulenga. Mwombe daktari akuandikie nambari kamili badala ya asilimia peke yake. Vidonge vya prednisoloni huwashusha eosinofili ndani ya siku chache, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa katikati ya dozi kinaweza kudanganya. Ndiyo maana inapendekezwa kirudiwe hadi mara tatu, ikiwezekana kabla ya kuanza vidonge au vinapokuwa katika dozi ya chini kabisa. Penye vifaa, hupimwa pia gesi ya nitriki oksidi katika pumzi itokayo. Kwa anayefikiriwa omalizumabu, hupimwa IgE ya damu, pamoja na mzio wa vitu vinavyopatikana mwaka mzima kama vijidudu vya vumbi la godoro, manyoya ya paka au mende.

Sasa linakuja jambo ambalo miongozo ya Ulaya hulitaja kwa ufupi na kupita, lakini kwetu linastahili aya nzima. Minyoo na kichocho huwapandisha eosinofili na IgE kwa kiwango kikubwa. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au katika mashamba ya mpunga anaweza kuwa na eosinofili 900 ambao hawahusiani na pumu yake hata kidogo. Zaidi ya hapo, IgE na eosinofili ni askari wa mwili dhidi ya minyoo, na dawa inayowaondoa askari hao huku minyoo wakiwa bado ndani si jambo la kufanyia mzaha. Maelekezo ya watengenezaji wa dawa hizi yanasema maambukizi ya minyoo yatibiwe kwanza, na kama mgonjwa akiambukizwa akiwa kwenye sindano na minyoo wasisikie dawa, sindano isimamishwe. Kwa hiyo omba choo na mkojo vipimwe, utibiwe kwa albendazoli au prazikwanteli kadiri itakavyoonekana, kisha damu irudiwe baada ya wiki kadhaa. Mnyoo mmoja, strongiloidi, hujificha mwilini kwa miongo mingi na huweza kuua kwa mtu anayemeza prednisoloni. Huyu hutafutwa kwa kipimo chake maalumu na hutibiwa kwa ivermektini. Ushauri huu unamhusu pia Mswahili anayeishi London au Toronto: mwambie daktari wako ulikulia wapi na ulirudi nyumbani lini, maana huenda asifikirie kukuuliza.

Hatua ya tatu: kuchagua dawa

Uchaguzi ni kazi ya daktari bingwa, lakini mgonjwa anayeelewa sababu zake hushirikiana vizuri zaidi. Mtu ambaye pumu yake ilianza utotoni, ana mzio uliopimwa na kuonekana, na hubanwa kila anapofagia chumba, mara nyingi huangaliwa kwa omalizumabu. Aliyeanza ukubwani, ana vinyama puani na eosinofili wengi, huelekezwa zaidi kwenye mepolizumabu au benralizumabu. Mwenye pumu pamoja na ukurutu mkali wa ngozi huweza kutibiwa yote mawili kwa dupilumabu. Na yule ambaye damu yake haionyeshi alama yoyote bado ana tezepelumabu ya kufikiria, ambayo haikuwekewa sharti la kiwango fulani cha eosinofili.

Ratiba nazo zinatofautiana, na kwa mtu anayesafiri mbali kwenda kliniki tofauti hiyo si ndogo. Mepolizumabu kwa mtu mzima ni miligramu 100 kila wiki 4, kwa kila mtu, bila kujali uzito. Benralizumabu ni miligramu 30 kila wiki 4 kwa sindano tatu za kwanza, kisha kila wiki 8, na hiyo ndiyo yenye nafasi ndefu kuliko nyingine kati ya dawa hizi tano. Tezepelumabu ni miligramu 210 kila wiki 4. Dupilumabu huanza kwa dozi maradufu, kisha hudungwa kila wiki 2. Omalizumabu ndiyo pekee inayohitaji jedwali: dozi yake hutegemea uzito wa mwili na kiwango cha IgE kwa pamoja. Mtu wa kilo 55 mwenye IgE ya 80 hupewa miligramu 150 kila wiki 4, na mwenzake wa uzito uleule mwenye IgE ya 250 hupewa miligramu 300. IgE hiyo hupimwa kabla ya kuanza. Ukipimwa tena ukiwa kwenye dawa utaona imepanda, na hubaki juu hadi mwaka mmoja baada ya kuacha. Kupanda huko hakumaanishi kwamba ugonjwa umezidi, na dozi haibadilishwi kwa ajili yake.

Bei ndiyo ukuta. Dawa hizi ni ghali mno kwa mwananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki, na ni haki kusema hivyo waziwazi badala ya kumpa mgonjwa jina la dawa asiloweza kulifikia. Hata Uingereza, ambako huduma ya taifa huilipia, kuna masharti: omalizumabu hutolewa kwa anayehitaji steroidi za kumeza mfululizo, au aliyezimeza kwa awamu 4 au zaidi katika mwaka uliotangulia. Weka basi daftari la mashambulizi yako, lenye tarehe, hospitali na idadi ya vidonge vya prednisoloni, kwa sababu kampuni za bima na mabaraza ya hospitali huamua kwa ushahidi wa namna hiyo. Uliza pia kuhusu omalizumabu mbadala iliyo sawa na ya asili: Omlyclo iliidhinishwa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025, na ushindani wa namna hii ndio unaoweza kushusha bei. Usikubali kununua kalamu moja (sindano iliyokwisha kujazwa dawa) ya kujaribu kwa fedha za kuuza shamba. Dozi moja haitoshi kuonyesha chochote, na familia itabaki bila shamba na bila jibu.

Hatua ya nne: sindano za kwanza, kliniki

Sindano za mwanzo hudungwa mahali penye adrenalini, oksijeni na mtu anayejua kuzitumia. Sababu ni mshtuko wa mzio, ambao ni nadra lakini ni wa kweli. Kwa omalizumabu huwapata takriban mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 1,000, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeweka onyo lake kali zaidi kwenye karatasi ya dawa hiyo. Unaweza kutokea katika dozi ya kwanza au baada ya zaidi ya mwaka, na mara nyingi ndani ya saa mbili, ingawa wengine huchelewa. Kwa hiyo kliniki nyingi humweka mgonjwa saa 2 baada ya kila moja ya sindano tatu za kwanza za omalizumabu, kisha nusu saa kwa zinazofuata. Chukua kitabu, chukua tasbihi, chukua kazi ya kushona, lakini usiondoke mapema kwa sababu daladala imejaza.

Jua dalili zake na uwafundishe wa nyumbani: vipele na mwasho wa mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana ghafla, kizunguzungu, kuzirai. Yakitokea, adrenalini hudungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mara moja, na mgonjwa hupelekwa hospitali hata kama amepata nafuu njiani. Wekundu na uvimbe mdogo pale sindano ilipoingia, au kichwa kuuma siku ile, ni mambo ya kawaida yanayopita.

Hatua ya tano: kuitunza dawa nyumbani

Mgonjwa akivuka sindano za mwanzo salama, na daktari akiridhika, huweza kufundishwa kujidunga. Kwa omalizumabu ruhusa hiyo huja kuanzia sindano ya nne. Kabla ya mkono kujifunza, jokofu liandaliwe. Dawa hizi zote hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, ndani ya boksi lake ili mwanga usiifikie, na haziruhusiwi kuganda hata mara moja. Dawa iliyoganda ikayeyuka huonekana nzima kwa macho, lakini protini yake imevunjika. Iweke rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na chumba cha barafu. Namkumbuka mama mmoja, mwangalifu sana, aliyeitia kalamu yake katikati ya pakiti za samaki ili ipoe vizuri, na akaipoteza. Kipimajoto kidogo cha jokofu hugharimu kidogo mno ukilinganisha na kilichomo kwenye boksi lile.

Umeme ukikatika, usifungue mlango wa jokofu. Kila dawa ina muda wake inaoweza kuvumilia nje: boksi la Nucala ambalo halijafunguliwa huvumilia hadi siku 7 kama joto halizidi nyuzi 30, na Fasenra hadi siku 14 kama halizidi nyuzi 25. Soma vizuri masharti hayo ya joto, kwa maana chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi Januari hupita nyuzi 30 bila shida, na hapo ruhusa ya siku 7 haipo tena. Ukisafiri nayo, tumia sanduku la baridi, na uifunge dawa kwa taulo ili isigusane na barafu.

Hatua ya sita: kujidunga

Nitaeleza kwa kalamu ya Nucala, kwa kuwa namna yake inafanana na nyingi. Kalamu ya dawa nyingine ina tofauti zake ndogo ambazo muuguzi atakuonyesha.

Toa kalamu kwenye jokofu na uiache mezani kwa dakika 30. Usiiweke juani, usiitumbukize kwenye maji ya moto, usiitie kwapani. Dawa ya baridi huuma zaidi, na huo ndio uchungu ambao wengi huulaumu kwa sindano. Ikikwisha kutoka katika boksi lake itumike ndani ya saa 8. Tazama tarehe ya mwisho, kisha tazama dirisha dogo la kalamu: majimaji yawe meupe ya kuonekana upande wa pili, au ya manjano hafifu, au ya kahawia hafifu. Povu moja la hewa ni la kawaida na lisikutie hofu. Yakiwa na ukungu au chembechembe, usidunge.

Nawa mikono kwa sabuni. Chagua mahali: paja upande wa mbele, au tumbo, umbali wa sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni. Mkono wa juu, upande wa nje, hutumika tu kama mtu mwingine ndiye anayedunga. Epuka penye kovu, chubuko, upele au ngozi ngumu, na kila mwezi badili mahali. Futa kwa pamba yenye spiriti na uache ngozi ikauke yenyewe. Ukiipuliza, unarudishia vijidudu ulivyoviondoa.

Vuta kifuniko kwa kukinyoosha, usikizungushe, na usikirudishe tena. Kuanzia hapo una dakika 5. Kinga ya manjano iliyo mbele imeificha sindano, usiiguse kwa kidole. Simamisha kalamu wima juu ya ngozi, dirisha likiwa upande wako, kisha kandamiza moja kwa moja hadi kinga yote iingie ndani. Utasikia mlio wa kwanza, na ile alama ya manjano itaanza kushuka ndani ya dirisha. Hapa ndipo mtu anayeanza hukosea: anasikia mlio, anashtuka, anainua mkono, na dawa ya gharama kubwa inatiririka pajani. Tulia. Endelea kukandamiza hadi mlio wa pili, kisha hesabu moja hadi tano kabla ya kuinua. Kama mlio wa pili hukuusikia, hakikisha dirisha limejaa manjano, na usipokuwa na uhakika, hesabu hadi 15. Tone dogo la damu ni kawaida. Kandamiza kwa pamba bila kusugua.

Kalamu iliyotumika iingie kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali, lile la njano la zahanati, au kopo gumu la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, na likijaa lipelekwe kituo cha afya. Lisitupwe jalalani ambako watoto huchezea. Mwisho, andika tarehe na mahali ulipodunga. Ukisahau siku yako, dunga mara utakapokumbuka, na kama siku ya dozi inayofuata imekwisha kufika, endelea na hiyo. Usidunge mbili kwa pamoja ili kufidia bila kuongea na kliniki.

Hatua ya saba: miezi ya mwanzo

Inhela inaendelea kama ilivyokuwa. Nalirudia hili kwa sababu kishawishi ni kikubwa: mgonjwa anaanza kulala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na anaona inhela ni mzigo wa zamani. Hatari zaidi ni kuacha prednisoloni ghafla. Mwili uliozoea vidonge hivyo kwa miezi husahau kutengeneza homoni yake yenyewe, na kuviacha kwa siku moja kunaweza kumwangusha mtu kwa shinikizo la damu kushuka. Daktari hupunguza polepole, kwa wiki na miezi, na wakati mwingine hupima homoni hiyo asubuhi kabla ya kuendelea. Wakati huohuo mweleze akiona upele usiojulikana, ganzi mikononi au miguuni, au homa na kukonda, kwani ugonjwa wa mishipa ya damu uliokuwa umefunikwa na steroidi huweza kujitokeza zinapopungua.

Baada ya miezi 4 hivi hufanyika hesabu ya kweli, na hapo ndipo lile daftari hufunguliwa. Mashambulizi yalikuwa mangapi, sasa ni mangapi? Vidonge vimepungua? Unaamka usiku mara ngapi? Katika utafiti wa mepolizumabu uliochapishwa mwaka 2014, mashambulizi makali yalipungua kwa takriban nusu yakilinganishwa na ya waliodungwa sindano isiyo na dawa, na kwa baadhi ya wagonjwa yalikoma kabisa. Kama jibu halieleweki, huongezwa muda hadi kati ya miezi 6 na 12. Kama hakuna badiliko lolote, dawa husimamishwa, huangaliwa tena kama utambuzi ulikuwa sahihi, kisha huenda ikajaribiwa kingamwili nyingine, na wako wengi walioshindwa na ya kwanza wakanufaika na ya pili.

Chanjo, mimba na safari

Chanjo za mafua, nimonia na korona zinaruhusiwa na zinahimizwa. Chanjo zenye kijidudu hai ni suala jingine: kwa dupilumabu na tezepelumabu maelekezo ni kuziepuka ukiwa kwenye dawa. Chanjo ya homa ya manjano ni ya aina hiyo, na cheti chake huulizwa katika mipaka mingi ya ukanda wetu. Anayeishi ughaibuni na anapanga kurudi nyumbani aizungumzie na daktari kabla ya kuanza sindano, au miezi kadhaa kabla ya safari, na si wiki ya kuondoka.

Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema. Omalizumabu, kwa umri wake, ndiyo yenye kumbukumbu ndefu zaidi za wajawazito waliofuatiliwa, na kumbukumbu hizo hazikuonyesha ongezeko la kasoro kwa watoto. Kwa nyingine taarifa ni chache. Upande wa pili wa mizani kuna shambulio kali la pumu, ambalo humnyima mama na mtoto oksijeni, na daktari hupima pande zote mbili pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu lini kuacha, wagonjwa wengi wanaonufaika huendelea kwa miaka, kwa sababu dawa hizi huuzuia ugonjwa bila kuung'oa. Pumu ikitulia, huanza kupunguzwa steroidi za kumeza, kisha dawa nyingine za nyongeza, kisha dozi ya inhela bila kuiondoa kabisa. Kusimamisha sindano yenyewe hufikiriwa baada ya angalau miezi 12 ya utulivu, kwa makubaliano na daktari, inhela ikiwa bado mkononi na tarehe ya kurudi kliniki ikiwa imeandikwa.